Johann Wichern, mwalimu aliyewapa watoto siku ya kungojea



Makanisa mengi, ya Kiprotestanti na ya Katoliki, katika siku za Mungu ine zinazotangulia Noeli, yanaweka mbele ya watu taji la majani mabichi lenye mishumaa ine. Siku ya Mungu ya kwanza wanawasha mushumaa mumoja, ya pili miwili, na vile vile mpaka yote ine. Siku hizo za kungojea zinaitwa Adventi. Watu wengi wanafikiri kwamba taji hilo ni desturi ya zamani sana, pengine ya wakati wa mitume. Sivyo. Haijatimiza hata miaka mia mbili, na ilianza ndani ya nyumba ya watoto waliotolewa katika umaskini wa muji mumoja wa Ujerumani. Mutu aliyeianza ni Johann Hinrich Wichern. Kule Ujerumani jina lake linajulikana sana. Mashule na mabarabara yanaitwa kwa jina lake. Kwetu bado hatumujui vizuri. Basi tusome maisha yake, tujue ile mishumaa iliwashwa juu ya nini.

1. Utoto wake

Wichern alizaliwa tarehe 21 mwezi wa ine mwaka 1808 katika Hamburg, muji wa bandari wenye mashua na biashara nyingi. Alikuwa mukubwa wa watoto saba. Baba yake alifanya kazi ya notere na ya kutafsiri karatasi za lugha za kigeni.

Wakati ule askari wa Napoleon, kaisari wa Ufaransa, walikuwa wameshika Hamburg. Mwisho wa mwaka 1813 majeshi ya adui zao waliuzunguka muji. Mukubwa wa askari, Davout, akaamuru kila jamaa iweke akiba ya chakula cha miezi mingi; mutu asiyekuwa na akiba atafukuzwa. Lakini maskini anatoa wapi akiba? Usiku wa Noeli wa mwaka 1813 maskini wengi walikusanywa ndani ya kanisa, kisha wakasukumwa inje ya milango ya muji katika baridi kali. Katika miezi ile maelfu ya watu walifukuzwa hivyo, na zaidi ya elfu moja walikufia katika Altona, muji wa jirani. Wichern alikuwa mutoto wa miaka mitano. Katika muji wake watu wazima waliweza kukumbuka Noeli moja ambayo milango ilifungwa nyuma ya watu wasio na kitu.

Mwaka 1823 baba yake alikufa. Kijana alikuwa na miaka 15. Sisi tunajua maana ya kuwa mutoto mukubwa katika nyumba isiyo na baba: wadogo wote wanakutazama wewe. Wichern alianza kufundisha watoto wa watu wengine ili mama yake na wadogo wake wapate mukate, na huku yeye mwenyewe akiendelea na masomo. Marafiki waliomwona namna alivyojitahidi walimusaidia na feza, na mwaka 1828 akaenda kusoma teolojia katika Göttingen, kisha Berlin. Alirudi Hamburg mwaka 1831, akafanya mutihani wa mwisho mwaka uliofuata.

2. Mambo aliyoyaona katika vijumba

Hakupata kanisa la kuchunga. Alipewa kazi ya kusimamia masomo ya siku ya Mungu katika kartie ya St. Georg, inje ya kuta za muji, pamoja na muchungaji Rautenberg. Katika masomo haya watoto maskini walifundishwa Neno la Mungu na kusoma pia. Walimu walikuwa na desturi nzuri ya kuwatembelea watoto kwao. Wichern aliingia katika vijumba hivyo kimoja kimoja, na kila alichokiona alikiandika katika kitabu chake: chumba kimoja chenye jamaa mbili, watoto wanaolala juu ya majani makavu, baba mulevi, mama mugonjwa, watoto wanaotumwa kuomba na kuiba ili jioni wasipigwe.

Akaelewa jambo moja. Saa moja au mbili za siku ya Mungu haziwezi kushinda siku sita za njaa na matusi. Mutoto anasikiliza habari ya Baba wa mbinguni, kisha anarudi pale ambapo neno baba ni fimbo tu. Kumutia mutoto kama huyu katika kifungo pamoja na wezi wakubwa, ni sawa na kumupeleka masomo ya wizi. Wichern akaona kwamba wale watoto hawakukosa mafundisho tu. Walikosa jamaa.

3. Nyumba isiyo na ukuta

Tarehe 12 mwezi wa tisa 1833 alisimama mbele ya mukutano wa watu wa Hamburg akawaeleza mupango wake. Bwana mumoja wa serikali ya muji, Karl Sieveking, alitoa nyumba ndogo ya zamani katika kijiji cha Horn, karibu na muji. Nyumba hiyo iliitwa Rauhes Haus. Maneno hayo yanasikilika kama «nyumba isiyolainishwa», lakini jina lilikuwa pale mbele Wichern hajafika. Mwisho wa mwezi wa kumi 1833, kijana huyu wa miaka 25 alihamia ndani pamoja na mama yake na dada yake. Mwanzo wa mwezi wa kumi na moja vijana wa kwanza walifika, na mwaka haujaisha walikuwa wameshapita kumi. Wengine walikuwa wamejulikana na polisi kwa kuiba. Wengine walikuwa wamezoea kulala katika ngazi za nyumba za watu.

Sasa tuangalie namna alivyowapokea. Inje ya nyumba kulikuwa na ukuta wa udongo. Moja ya kazi za kwanza za wale vijana ilikuwa kuubomoa. Wichern hakutaka ukuta wala kufuli. Kila mutoto alipoingia aliambiwa kwamba mambo yake yote ya zamani yamesamehewa, na kwamba hakuna mutu atakayemukumbusha. Tena alielezwa kwamba hakuna kitu kitakachomufunga hapa, isipokuwa upendo wa watu wa nyumba. Wengine walitoroka, ni kweli. Walikwenda kutafutwa, wakarudishwa mezani.

Nyumba haikuwa kambi ya askari. Watoto waligawanyika katika jamaa za watoto kumi na wawili hivi, kila jamaa na nyumba yake ndogo, na kijana mukubwa mumoja aliyeitwa ndugu wa kuishi nao usiku na muchana. Jamaa zilipoongezeka, watoto wenyewe walisaidia kujenga nyumba mpya. Tangu mwaka 1835 wasichana pia walipokelewa. Mwaka ule ule Wichern alimuoa Amanda Böhme, mwalimu wa masomo ya siku ya Mungu, ambaye akawa mama wa nyumba nzima. Kulikuwa masomo ya kalasi, na kulikuwa kazi ya mikono: shamba, mbao, viatu, kushona nguo, na baadaye kiwanda cha kupiga chapa vitabu. Wale ndugu nao walikuwa wanafundishwa, na wengi wao walitumwa mahali pengine kufanya kazi kama ile.

4. Gurudumu la mwaka 1839

Mutoto aliyekulia katika mitaa hajui kungojea. Kesho yake haina kitu, kwa hiyo anachukua leo chote anachoweza. Wichern aliwaambia watoto wake habari ya Noeli, kwamba siku kubwa inakuja. Inasimuliwa kwamba wakaanza kumuuliza kila asubuhi: Noeli ni leo? Ni kesho? Siku ngapi bado? Wadogo hawakujua hata kuhesabu majuma.

Basi mwaka 1839 alitengeneza jibu la kuonekana kwa macho. Alichukua gurudumu la gari la kukokotwa na farasi, akalipanga mishumaa, likatundikwa katika chumba kikubwa cha maombi. Mishumaa ine ilikuwa mikubwa na myeupe, kwa ajili ya siku za Mungu ine za Adventi. Katikati yao ilikuwa midogo myekundu, mumoja kwa kila siku ya kazi. Kila siku watoto walikusanyika, wakaimba, wakasikiliza Neno, na mushumaa mumoja zaidi ukawashwa. Mwaka ule siku ya Mungu ya kwanza ya Adventi iliangukia tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili. Tangu siku ile mpaka usiku wa Noeli ni siku 24. Miaka mingine hesabu inabadilika: Adventi fupi ina siku 22, ndefu ina siku 28, kwa sababu lazima siku za Mungu ziwe ine.

Tufikiri kidogo juu ya akili ya jambo hili. Kule kaskazini ya Ulaya, mwezi wa kumi na mbili jua linatua mapema, saa kumi ya jioni giza limeshaingia. Siku zinazidi kuwa fupi na giza linazidi kuwa refu. Lakini ndani ya ile nyumba, kila siku mwangaza ulizidi kidogo. Mutoto asiyejua kusoma kalenda aliona kwa macho yake kwamba wakati unakwenda mahali, na kwamba mwisho wake ni mwangaza mukubwa. Tena alijifunza hesabu na majuma bila kujua kwamba yuko kalasini. Na zaidi ya yote, aliona kwamba mutu mukubwa aliahidi mushumaa mumoja kwa siku, na kila siku mushumaa uliwashwa. Wengi wao mbele ya pale hawakumujua mutu mukubwa anayeshika ahadi siku ishirini na ine moja kwa moja.

5. Desturi inasafiri na kugeuka

Desturi ni kama mutu: ikisafiri inabadilisha nguo. Miaka ilivyopita, watu wa Rauhes Haus walianza kulipamba gurudumu kwa matawi ya miti isiyopukutisha majani, na mti wa gurudumu ukafichika chini ya majani. Wale ndugu waliotumwa kazini walichukua desturi hii mpaka katika nyumba za yatima na hospitali za sehemu zingine za Ujerumani. Jamaa za watu zilipoipenda, waliona kwamba taji la mishumaa zaidi ya ishirini ni kubwa mno kwa meza ya nyumbani, na feza ya mishumaa ni nyingi. Wakaacha ile midogo, wakabakisha ine. Hivyo ndivyo taji tunalolijua lilivyozaliwa.

Mwanzo lilikuwa jambo la Waprotestanti. Mwaka 1925 lilitundikwa katika kanisa moja la Katoliki katika Köln, na miaka iliyofuata Wakatoliki wengine wakalipokea. Kisha likavuka bahari. Leo Wakristo wa makanisa yaliyogombana karne nyingi wanawasha mishumaa ile ile, na wengi hawajui ilitoka kwa nani.

Kuhesabu siku kulichukua njia zingine pia. Katika karne ya 19 jamaa za Waprotestanti wa Ujerumani waliandika mistari 24 ya chaki katika mulango, na kila siku mutoto alifuta moja. Mwanzo wa karne ya 20 kalenda za Adventi zikaanza kupigwa chapa, kwanza kwa picha, baadaye kwa vidirisha vya kufungua. Leo katika inchi za matajiri vidirisha hivi vinatiwa chokoleti, na vinauzwa madukani kwa watu wasiokuwa hata na wazo la kwenda kanisani. Kumbe ndiyo safari ya desturi nyingi za Noeli: zinaanza kwa haja ya watu, zinakuwa uzuri, kisha zinakuwa biashara. Uzuri si mubaya. Lakini mutu anayebakisha uzuri na kusahau haja, amebakisha ganda la yai.

6. Kazi kubwa na lawama

Wichern hakubaki na watoto wa Horn peke yao. Mwezi wa tano 1842 moto uliunguza sehemu kubwa ya Hamburg muda wa siku tatu, watu karibu 20.000 wakabaki bila nyumba, na watu wa Rauhes Haus walikuwa kati ya wale waliosaidia. Tangu mwaka 1844 alitoa gazeti lake la kueleza kazi za rehema. Mwanzo wa mwaka 1848 njaa na ugonjwa wa tifusi viliua watu wengi sana katika Silesia ya Juu, na yeye alikwenda pamoja na ndugu zake kuwachunga yatima.

Mwaka ule ule wa 1848 mapinduzi yalitikisa Ulaya. Tarehe 22 mwezi wa tisa, viongozi wa makanisa ya Kiprotestanti walikuwa wamekutana katika Wittenberg, katika kanisa ambamo Luther amezikwa. Wichern alisimama bila karatasi akasema zaidi ya saa moja. Aliwaonyesha kwamba kanisa lisilotenda kazi ya upendo kati ya maskini wake mwenyewe limekosa sehemu ya imani yake. Matokeo yake yalikuwa Misioni ya Ndani, umoja wa kazi za hospitali, yatima, wafungwa na maskini. Kutoka mizizi ile imekua Diakonie, kazi kubwa ya rehema ya makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani leo.

Lakini tusimugeuze kuwa malaika. Aliona mapinduzi ya 1848 kama matunda ya kumwacha Mungu, na watu walimulaumu kwamba aliona upesi dhambi za maskini, na polepole dhambi za wenye viwanda waliowalipa watu kidogo. Mwaka 1857 aliitwa Berlin na serikali ya Prussia kusaidia kutengeneza mambo ya vifungo, na ndugu zake wakawa walinzi katika kifungo cha Moabit. Pale mufungwa alikaa peke yake katika chumba chake ili ajifikiri. Mabishano makali yaliinuka hata katika bunge: wengine walisema kwamba upweke ule unavunja akili ya mutu. Ni ajabu kidogo, kwa sababu Wichern mwenyewe alikuwa ameonyesha katika Horn kwamba mutu anapona akiwa katika jamaa. Kazi ya nyumba ndogo na watoto wake ilishinda kazi ya ofisi kubwa.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya ugonjwa. Alirudi Hamburg, akaacha uongozi kwa mutoto wake Johannes, akafariki tarehe 7 mwezi wa ine 1881, siku chache mbele ya kutimiza miaka 73. Mwezi wa saba 1943, mabomu ya vita yaliharibu karibu nyumba zote za Rauhes Haus. Zilijengwa tena, na kazi inaendelea.

7. Fundisho kwetu

Wapendwa, ninaandika kama kapita wa wanafunzi, na kazi yangu ni kengele, zamu na majina ya wale wanaochelewa. Kwa hiyo sehemu iliyonigusa zaidi katika maisha ya Wichern si mishumaa. Ni ile ya kumwambia mutoto kwamba hakuna mutu atakayemukumbusha mambo yake ya zamani. Kati yetu kuna wanafunzi waliofika hapa baada ya kufukuzwa pahali pengine. Juma la kwanza tu, kalasi nzima imeshajua habari zao, na jina la kuchekwa limeshapatikana. Tukiendelea kumuita mutu kwa kosa lake, anajifunza kwamba hana kesho. Wichern alikuwa na kengele na zamu pia, tena nyingi. Lakini alibomoa ukuta kwanza, kisha akapiga kengele.

Tena kuna wadogo wetu wa interna ambao Noeli inawakuta hapa hapa, kwa sababu njia ya kwao ni mbaya, au feza ya safari imekosa, au hawana tena mutu wa kuwangojea. Hatuna gurudumu, na buji ishirini na ine ni feza nyingi. Lakini buji moja tunaweza kuipata kwa kuchanga franka kidogo kidogo. Ninaomba kila mukubwa atakayebaki achague mudogo mumoja, amwambie atakuja kila jioni kumusaidia kusoma, na aje kweli kila jioni mpaka tarehe 24. Mutoto anayengojea jambo, na jambo linafika, ameshaanza kuelewa Noeli.

Mungu awabariki. Noeli njema kwenu na kwa jamaa zenu.

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa sita